Dereva Aliyeuita Ugonjwa wa Kiti

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya maji katika mji huu mkavu ninakoishi sasa. Aliyepiga simu ni mkewe. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza, kwamba mzee amepumzika, kwamba amefia nyumbani kwao Ruiri, kule Meru, kama alivyotaka, na kwamba watamzika Ijumaa. Nilimpa pole, nikamwambia Mungu awatie nguvu, kisha nikakalia mtungi wangu wa plastiki huku watu wakinipita kwenda bombani. Wasomaji wa safu hii wamenivumilia kwa miaka kadhaa na sipendi kuwapambia mambo, kwa hiyo nitasema kilichotangulia. Kabla ya majonzi nilishikwa na hofu. Mkono ulikwenda nyuma ya kiuno wenyewe, kana kwamba kuna kitu kule kilichosikia jina la mwenzake likiitwa. Hofu ile ninaijua. Nililala nayo na kuamka nayo kwa majuma mengi, na ni yeye aliyenipa, kisha yeye huyo huyo akanionyesha pa kuipeleka.

Tulikutana kwa sababu ya safari ndefu. Mimi ni mtu wa kuhamahama, na kila mji nilioishi naukumbuka vizuri zaidi nikishautoka. Wakati huo duka nililokuwa nikiuzia huko Kitale lilikuwa limefungwa, nikasikia kwamba Meru wanatafuta madereva, nikapanda lori la mahindi lililokuwa likielekea huko. Tulipita Eldoret katika ukungu, tukala Nakuru, tukapanda hadi Nyahururu, tukashinda Nanyuki tukingoja gurudumu lizibwe. Baada ya hapo ikawa Timau, na mashamba ya ngano yaliyoinuka kuelekea mlimani na baridi iliyopenya koti. Muda wote huo nilikuwa nimekalia ubao uliowekwa kati ya viti viwili, na kila shimo la barabara lilinipiga mahali pale pale. Niliposhuka Makutano, hapo Meru mjini, sikuweza kukaa tena. Nilinunua chai na kuinywa nimesimama kando ya barabara, begi likiwa katikati ya miguu, malori yakinipulizia moshi. Mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya sufu alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nimekuja Meru kutafuta kitu au nimeajiriwa kulinda barabara. Nilimweleza nimetoka Kitale, leseni ninayo, ninatafuta kazi.

"Basi karibu, Kitale," akasema. "Mtu wa kunywa chai amesimama ni dereva tayari."

Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Nilikuwa Kitale, naye kwangu alikuwa Mkubwa, kwa sababu alinizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi na kwa sababu mwili wake ulistahili neno hilo. Aliendesha pikapu ya miraa na alikuwa akitafuta mtu wa kumpokea usukani. Kwa msomaji asiyejua kazi hiyo, miraa, majani ya kutafuna ambayo wengine huyaita mirungi, huchumwa asubuhi katika mashamba ya juu kule Maua, hufungwa vishada, huviringishwa kwa majani ya mgomba isikauke, hutiwa katika magunia, na kuanzia hapo ni mashindano na jua. Ikinyauka njiani haina mnunuzi. Pikapu hushuka Meru, Chuka, Runyenjes, Embu, hadi Nairobi, na dereva hasimami. Mkubwa alinifundisha kazi kwa namna alivyofundishwa yeye. Usinywe maji asubuhi, maana maji yatakusimamisha. Usile mboga wala maharagwe, maana tumbo likichafuka karibu na mteremko wa Nithi utafanya nini? Kula nyama na chapati, hizo zinakaa. Usingizi ukija, tafuna mzigo wako kidogo na unywe soda. Na haja kubwa ikikubishia hodi, iambie irudi kesho. Tulicheka sana kwa hilo. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nikaona ni maarifa.

Makutano palikuwa na hoteli ndogo ya mabati ambako madereva tulikula kabla ya kupanda Maua. Huko ndiko nilikojifunza jina la ule ugonjwa. Siku moja dereva mmoja alikuja na mto wake wa kukalia, kipande cha tyubu ya gurudumu kilichojazwa upepo na kushonewa kitambaa, akauweka juu ya benchi kwa uangalifu kama mama anayelaza mtoto, akaketi taratibu huku ameng'ata meno. Meza nzima ikapasuka kwa kicheko. Wakamuuliza kama ametaga. Wakamuuliza kama amekalia yai la kuku au la bata. Mkubwa akaingilia kati, akawaambia wamwache mwenzao, kwani ni nani pale ambaye kiti hakijamuuma? Mmoja mmoja, kwa utani, wakaanza kukiri. Huyu hupata mwasho. Yule ana kinyama kinachotoka akienda choo, na hukirudisha kwa kidole. Mwingine huona damu kwenye karatasi, nyekundu kabisa, halafu hupotea mwezi mzima. Kwao ilikuwa ni alama ya kazi, kama mkono wa fundi wa mbao uliokosa kidole. Waliuita ugonjwa wa kiti, na dereva ambaye hajaupata alihesabiwa bado mwanafunzi. Mimi nilipoanza kuona matone mekundu chooni, miaka miwili mitatu baadaye, nilitishika kwa dakika chache tu. Nilimweleza Mkubwa tukiwa njiani. Alinipiga begani akasema, "Sasa umehitimu."

Siwezi kuandika juu yake bila kueleza jambo la pili, kwa sababu bila hilo mtu wa mbali atadhani alikuwa mjinga, na hakuwa mjinga hata kidogo. Tulikuwa tumesimama Runyenjes, gari likiwa tupu tukirudi, akashuka kununua ndizi. Nilipogeuka kuchukua koti nikaona doa kwenye kitambaa cha kiti chake, bichi, kubwa kama kiganja. Aliporudi aliniona nikilitazama. Alichukua shuka la nyuma, akalikunja mara mbili, akalitandika juu ya doa, akaketi na kuwasha gari. Tulishika barabara ya kurudi. Kisha akanisimulia, bila kuniangalia, jinsi alivyotahiriwa akiwa kijana: asubuhi ya baridi, rika lake lote limesimama kwa mstari, wajomba nyuma wakiangalia kama kuna atakayepepesa jicho. Hakupepesa. Damu ilitiririka hadi kwenye kisigino naye akatazama mlima tu. Kwetu Kitale pia tumepitia kisu namna hiyo, kwa hiyo nilimwelewa bila kuuliza. Mvulana akifunzwa kwamba siku aliyogeuka mwanamume ni siku aliyotoka damu akanyamaza, basi damu ikimtoka tena ukubwani atafanya kile anachokijua. Atatazama mlima.

"Nilikatwa nimesimama sikulia," akaniambia. "Nitalia kwa sababu ya kukaa?"

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu simu ya mkewe. Nadhani kuna miili miwili ambayo jamii zetu zimetuachia. Kuna mwili wa kuonyesha, wenye nguvu, unaobeba gunia na kushika usukani, na huo tunausifu hadharani. Halafu kuna mwili wa kuketi, wa kula, wa kwenda choo, na huo hauna mtu wa kuusemea. Bibi zetu waliutunza bila kuutaja. Walitupikia githeri ya mahindi na maharagwe, magimbi tuyaitayo nduma, maharagwe meusi ya njahi, uji wa wimbi, mboga za majani zilizochemshwa pamoja na ndizi, chakula ambacho hakikumfungia mtu choo. Tulipopata kazi za barabarani na za ofisini tukaona chakula hicho ni cha watu wa shamba. Leo dereva anakula chapati na nyama akashushia kwa soda, karani anakaa kutwa, mwendesha bodaboda anakaa kutwa juu ya kitu kinachotetemeka, na vijana wanaingia chooni na simu wakakaa humo hadi miguu ife ganzi. Kisha tunashangaa. Na penye aibu hapakosi mfanyabiashara. Hapo hapo Makutano palikuwa na gari lenye kipaza sauti lililouza chupa ya dawa ya bawasiri, vidonda vya tumbo, mgongo, na mambo mengine ya wanaume, yote katika chupa moja. Mkubwa aliinunua. Alinunua pia marhamu nyeusi ya kupaka, ikamwunguza hadi akalala kifudifudi, naye akasema ni dalili kwamba inafanya kazi.

Baadaye aliacha miraa. Mkewe, mwenyeji wa Embu aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini, alichoka kumngojea mtu wa barabarani, na mzee akahamia kwake mtaa wa Majimbo, hapo Embu, akawa anaendesha gari la mizigo la duka la vifaa vya ujenzi. Nami nilikuwa nimechoshwa na Meru kama ninavyochoshwa na kila mahali, nikashuka Embu nikapanga chumba karibu nao. Ndipo nilipoanza kuandika, kwanza makala fupi za kulipwa kwa nadra, kisha safu hii. Jumapili baada ya kanisa nilikula kwao. Ilinichukua muda kuona kwamba Mkubwa anapungua. Mtu unayemwona kila wiki hukonda mbele ya macho yako usijue. Nililiona shingoni, kola ya shati la Jumapili ikiwa imeachana na ngozi pande zote. Nikamtania kwamba kuoa Embu kumemkausha. Hakucheka. Alisema tumbo lake limebadilika, siku nyingine anaharisha, siku nyingine hakuna kitu, na kila akitoka chooni anahisi hajamaliza, anataka kurudi. Damu nayo ilikuwa imeacha kuwa matone. Ilikuwa imechanganyika na choo, nzito, ya rangi ya tope jekundu. Alipomaliza kueleza akaongeza haraka, "Lakini hii ni ya kiti tu."

Mkewe alikuwa akitoa vyombo mezani. Aliweka sahani chini akamwambia kwamba tangu aache miraa hajakaa kwenye kiti kile, sasa kiti gani hicho kinachomfuata hadi Majimbo? Mzee akajibu kwamba alikwenda hospitali, siku moja, akafika hadi mlangoni pa daktari, akakuta daktari mwenyewe ni msichana, rika la kifungua mimba wao, amesuka nywele, amevaa raba. Angemwambia nini? Amvulie suruali mtoto? Mtu ambaye wazee wa kwao wamekwisha kumwita kwenye baraza lao? Aligeuka akarudi nyumbani. Alieleza kwa ukali, lakini nilimtazama mikono, na mikono ilikuwa ikikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Nilimjua akishuka Nithi breki zikinuka moto bila mikono hiyo kutetemeka. Ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa akimwonea aibu tu yule binti. Alikuwa ameogopa, na alikuwa ameogopa kwa muda mrefu, na sote tulikuwa tumemsaidia kuificha hofu yake kwa kumcheka.

"Mimi nimekuzalia watatu," mkewe akasema, "na kila mara nimeonwa na wauguzi na madaktari na wanafunzi wao wamesimama kwa mstari. Mimba ya pili nilitokwa na bawasiri, nikaonyesha, nikapewa dawa, ikaisha. Wewe huko nyuma umeficha nini ambacho mimi sikuwa nacho?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama huyu aliyasema hayo upya mbele ya wali na maharagwe. Walikwenda pamoja wiki hiyo. Daktari aliyempima alikuwa ni yule yule binti mwenye raba. Baadaye Mkubwa alinieleza kwamba lilikuwa jambo la dakika mbili, kwamba alilala ubavu akaangalia ukuta, na binti alimwita baba, akamweleza kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Kisha kidole chake kikasimama mahali pamoja, naye akanyamaza. Hicho ndicho kimya alichoniambia hawezi kukisahau. Walimpeleka kwenye kipimo cha kamera inayoingizwa utumboni, wakakata kipande cha nyama wakakipeleka maabara, na jibu likarudi kwamba ni saratani, mwishoni kabisa mwa utumbo mpana, na kwamba imekwisha kutembea hadi kwenye ini.

Siku aliyopata jibu hilo alikuja chumbani kwangu. Hakuwa na desturi ya kuja, mimi ndiye niliyekwenda kwao. Alikataa kiti akaegemea mlango. Aliniambia neno lenyewe, saratani, mara moja tu, kisha akaniuliza kama damu yangu bado inatoka. Nilisema ndiyo, mara moja moja. Akaniuliza ni ya namna gani, ya juu ya choo au iliyochanganyika nacho. Nikasema sijui, huwa siangalii. Ulikuwa ukweli. Kwa miaka nilikuwa nikivuta maji macho yakiwa yameelekea dirishani.

"Kitale, nenda kesho," akasema. "Usiende kwa gari lenye kipaza sauti. Nenda kwa yule mtoto."

Sikulala. Kila mkunjo wa tumbo niliusikia. Nilijipapasa mbavu nikajiona nimekonda, nikasimama mbele ya kioo nikaona macho yangu yamekuwa meupe. Asubuhi nilipotaka kwenda choo nikaogopa kwenda, na nilipokwenda nikaogopa kuinama kutazama. Hofu ya namna hiyo haina heshima. Nilijikuta nikipiga hesabu ya makosa ya Mkubwa na yangu kutafuta tofauti, kwamba yeye alitafuna miraa zaidi, kwamba mimi nilipenda mboga ya sukuma wiki, kama mshitakiwa anayetafuta wakili. Kwenye benchi la hospitali tulikaa wanaume watano upande mmoja na kila mmoja alikuwa ameketi kwa tako moja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini. Nilikaribia kuondoka mara kadhaa. Kilichonizuia, kama nitasema kweli, ni kwamba nilijua angeniuliza jioni, na sikuwa na uso wa kumwambia nimerudi kutoka mlangoni.

Daktari alinipima kama alivyompima yeye, kwanza kwa kidole chenye glavu, kisha kwa kimrija kifupi chenye taa. Nilingoja kile kimya. Hakunyamaza. Aliendelea kuzungumza, na nilishikilia sauti yake kama kamba. Alisema ninazo bawasiri za ndani, tena anaziona. Alipomaliza alinieleza kwa maneno ambayo nayaweka hapa kwa faida ya yeyote anayesoma huku amekaa upande. Kila binadamu ana vijishipa laini vya damu kwenye njia ya haja kubwa, kama mito midogo ya kulalia, inayosaidia kufunga. Choo kikiwa kigumu na mtu akajikamua, au akakaa sana chooni, au akabeba vizito, au mwanamke akiwa mjamzito, vijishipa hivyo hujaa damu, huvimba, na huweza kuteremka nje. Vya ndani kwa kawaida haviumi, hutoa damu nyekundu mbichi inayodondoka au kubaki kwenye karatasi. Vya nje huwasha, na damu ikiganda ndani yake huuma hadi mtu asiweze kukaa. Visipotunzwa husumbua miaka, lakini vyenyewe havigeuki saratani.

Nilimuuliza, kama havigeuki, kwa nini rafiki yangu. Alijibu kwamba rafiki yangu huenda alikuwa na vyote viwili, na kimoja kilimficha mwenzake. Ndiyo maana, akasema, mtu mzima aliyepita arobaini asijipe mwenyewe jina la damu inayomtoka. Hasa ikiwa imechanganyika na choo au ni nyeusi, ikiwa choo kimebadilika kwa wiki nyingi, ikiwa mwili unapungua bila sababu au damu imepungua mwilini. Macho hayatoshi. Akanipeleka nami kwenye kamera. Siku moja kabla yake nilikunywa dawa ya kuharisha hadi nikabaki na maji matupu, nikacheka peke yangu nikikumbuka hodi niliyofundishwa kuikataa. Kipimo chenyewe nilifanyiwa nikiwa nimelala, kwa sindano ya usingizi. Kuna kipande kidogo kilichokatwa, kwa tahadhari, wakaniambia ningoje majibu.

Kungoja huko ndiko kulikonizeesha. Nilifika Majimbo kila jioni, na watu wawili wenye hofu moja tulikaa kwenye ua wa nyumba, yeye juu ya mto laini, mimi kwenye ngazi. Hatukuzungumza sana kuhusu ugonjwa. Alinisimulia Ruiri ya utoto wake, ng'ombe wakishuka kunywa maji, vumbi, harufu ya mahindi mabichi yaliyochomwa. Alikuwa amekwisha kuanza matibabu ya kupunguza maumivu. Madaktari walikuwa wamemweleza wazi kwamba wangeweza kurefusha na kutuliza, na kwamba kama angekuja mapema mazungumzo yangekuwa mengine. Alilirudia hilo bila kumlaumu mtu. Mara moja tu aliniambia kwamba anaogopa usiku, na kwamba hakujua mtu mzima anaweza kusema sentensi hiyo na ulimi usianguke.

Alipoamua kurudi kwao, nilikuwa nimeitwa hospitali asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nilipofika Majimbo, gari dogo la shemeji yake lilikuwa mlangoni, kiti cha nyuma kimetandikwa godoro jembamba na mito, kwa kuwa hakuweza tena kukaa mwendo mrefu. Mkewe alikuwa akifunga nyumba. Wenzake wawili wa rika, waliokuja kutoka Ruiri kumchukua, walimtoa ndani wakimshika kwapani. Alikuwa mwepesi, kofia ya sufu imemshukia hadi kwenye nyusi. Aliponiona aliwasimamisha.

"Wamesema nini?" akaniuliza, mbele yao wote, bila salamu.

Kwa mara ya kwanza nilijibu swali hilo hadharani. Nilisema ni bawasiri tu, kwamba kile kipande walichokata ni salama, kwamba watazifunga kwa vipete vidogo vya mpira zinyauke na kudondoka zenyewe, na zikikataa kuna upasuaji. Nikasema nimeambiwa ninywe maji, nile mboga, maharagwe na matunda, nisijikamue, nisikae chooni kupita haja, haja ikiniita niende wakati huo huo, nikiendesha gari nisimame ninyooshe miguu, na maumivu yakija nikalie beseni la maji ya vuguvugu. Niliyataja yote kwa haraka kama mtoto anayesoma somo la kanisani, kwa sababu nilikuwa naogopa kukoma. Nilikuwa nimepewa kile ambacho yeye alinyimwa, na nilidhani uso wake ungenionyesha hivyo. Alifumba macho kidogo, akainua uso. Alinishika kichwa kwa mkono wake mkavu, kama askofu anayebariki.

Kisha akawageukia wenzake wa rika, wanaume waliosimama naye mstari mmoja asubuhi ile ya baridi, akauliza ni nani kati yao anayetoka damu. Mmoja alitazama chini. Mwingine alitazama milimani. Akauliza tena, kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anayeomba, si anayeamuru. Yule aliyekuwa akitazama milimani ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba ni mwaka wa pili sasa.

"Huyu Kitale atakupeleka," Mkubwa akasema. "Leo. Mimi nitafika bila wewe."

Walimlaza kwenye godoro, mkewe akaketi mbele, gari likatoka lango la Majimbo polepole kuelekea barabara ya Meru, na hakurudi Embu tena. Yule mzee wa rika alibaki amesimama kando yangu na fimbo yake. Aliniuliza kama yule daktari ni msichana kweli. Nilimwambia ni msichana, na kwamba atamwita baba. Msomaji wangu, ukiwa nawe unaona damu na umeipa jina la kazi yako, la chakula chako au la umri wako, usikae nalo. Nenda kwa mtu anayejua kuitazama damu hiyo, ungali na miguu ya kukupeleka. Mzee yule na mimi tulikwenda hospitali kwa miguu, tukipumzika njiani, na hakuna aliyekuwa jasiri.